Mashujaa wangu wa ufeministi wako Micheweni, na neno lenyewe hawalijui. Wenu wako wapi?

Bint_Micheweni (mwanzisha uzi)
Asalaam alaykum wana jukwaa.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha kazi hapa mjini. Nikasema mimi ni mfeministi, nikalisema bila ya kulitafuna. Mzee mmoja wa heshima akanitazama, akanambia, "Mwanangu, hayo yaacheni huko Ulaya yalikotoka." Sikumjibu, ni mtu mzima na kikao hakikuwa cha hayo. Lakini ndani ya daladala njia nzima nikawa namfikiria bibi yangu mzaa mama.

Bibi yupo Micheweni, Pemba. Skuli hajaingia hata siku moja. Babu alikuwa mtu wa dago, kambi za uvuvi za mbali, akiondoka na wenziwe hupotea miezi mitatu, minne. Safari moja akarudi na mke mwengine, kamfikisha mpaka mlangoni bila ya kutoa habari. Mama alikuwa na miaka tisa na aliyaona kwa macho yake. Anasema bibi alikuwa ukumbini anakuna nazi. Hakuinuka. Akamaliza nazi yake, akakung'uta mbuzi ya kukunia, akaingia chumbani, akatoka na nguo zote za babu ndani ya pakacha, akaliweka barazani. Halafu akamwambia yule bibi harusi, "Karibu ukae, mwanangu, wewe huna kosa. Lakini nyumba hii ni ya makumbi yangu."

Na kweli ilikuwa ya makumbi yake, yale maganda ya nje ya nazi. Mabati aliyanunua mwenyewe, moja moja, kwa kuuza kamba. Anayeijua kazi hiyo anaijua: unayafukia makumbi matopeni pwani, unayapangia mawe juu yasichukuliwe na maji, unayaacha miezi mpaka yaoze, unayafukua yananuka harufu ambayo hata uoge mara mbili haikutoki, kisha unayapiga kwa rungu mpaka ubaki usumba mtupu wa kusokota. Viganja vya bibi mpaka leo mistari yake haionekani.

Mimi nikikaa mbele ya wanaume kumi nikasema ninalolitaka, ujasiri huo sikupewa semina. Nimeuchukua kwenye ile baraza.

Masuali yangu mawili. Kwa nini bibi zetu walikuwa vile? Na nyumbani kwenu shujaa wako ni nani?

Mlinda_Jahazi
Waalaykum salaam. Jibu umelitoa mwenyewe: dago. Mimi ni wa Kojani. Wanaume wakishapakia nyavu, wanaobaki ni wanawake, watoto na wazee. Mtoto akipandisha homa usiku, nani anaamua? Anayekopa unga dukani nani? Anayesuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba? Mwanamke aliyeamua peke yake miezi yote hiyo, mume akirudi hawezi kumgeuza mtoto tena. Bahari ndiyo iliyowafunza.

Karafuu_Mbichi
Jahazi, nakuheshimu, lakini sisi kwetu Mtambwe hakuna hata mtu mmoja aliyepiga dago na wanawake wetu ni walewale. Sababu ni pesa ya mkononi. Mama yangu msimu wa karafuu alikuwa na fungu lake: mchana anaokota mpeta, karafuu zilizoanguka chini ya mikarafuu, usiku anachambua makonyo, vile vikonyo vyake, kwa taa ya chemli mpaka kidole gumba kinapasuka. Pesa zile zilikuwa kwenye pindo la kanga na baba hakuwahi kuuliza ngapi. Ndizo zilizonivalisha sare ya skuli. Halafu mwani ulipoingia miaka ya sabini ndo kabisa, wanawake wakainuka.

Shangazi_wa_Paje
Mwanangu Karafuu, hapo kwenye mwani nikurekebishe kwa mapenzi. Zamani watu waliokota mwani wa kujiotea ukauzwa nje, hilo kweli. Lakini kilimo chenyewe, cha vijiti na kamba, kimeanza 1989, huku kwetu Paje na Jambiani. Nilikuwa na miaka 17, namsaidia mama kufunga taitai, vile vikamba vya kushikia mwani. Wanaume walianza nasi, wakaona malipo madogo wakaondoka. Tukabaki sisi.

Na mimi nitajibu suali la pili, lakini shujaa wangu si bibi. Ni binti yangu.

Kotonii ndio mwani wenye bei, lakini maji ya ufukweni yamepata moto miaka hii. Unafunga leo, baada ya wiki mbili unaukuta umegeuka mweupe, unakatika mkononi. Spinosamu, mwani wa aina nyengine, unavumilia lakini bei yake ndogo. Tukaambiwa tupeleke kotonii kwenye maji ya kina. Sasa jamani, sisi tumezaliwa bahari iko mlangoni na kuogelea hatujui! Tulikuzwa kwamba msichana hachezi majini. Tunaingia maji yakitoka, tunatoka maji yakijaa, basi.

Mwaka 2018 binti yangu ana miaka 14, kajifunza skuli. Akanambia, "Mama, nitakufunza mie." Tulikwenda alfajiri pasipo na watu, nimevaa nguo zangu zote na ushungi nimeubana. Akaniweka kiganja kimoja tu chini ya mgongo. "Mama, usikaze shingo. Tazama mbinguni." Miaka 46 niliyokuwa nayo, sijawahi kushikwa hivyo na mtu. Siku ya sita akakiondoa kile kiganja bila ya kunambia, nami naelea. Leo nina kamba zangu kwenye kina na wenzangu wanne nimewafunza mimi.

Karafuu_Mbichi
Nimesahihishika, shangazi. Na hiyo ya kiganja nimeisoma mara mbili.

Ustadhi_Kengeja
Nyote mnazunguka na jambo liko wazi. Hawa wavyele wetu walikuwa wamesoma chuoni. Walijua mahari ni mali ya mwanamke, si ya baba yake wala ya mumewe. Walijua anachokichuma ni chake, na mume hana fungu humo mpaka mauti yaje arithi. Bi mkubwa wa Micheweni alisema "nyumba yangu" kwa sababu sheria ya dini ilikwisha mwambia ni yake. Ndiyo maana na mimi sikubaliani na yule mzee wa kikaoni kuwa hayo ni ya Ulaya, ila kwa sababu nyengine. Tulikuwa nayo kabla.

Karafuu_Mbichi
Ustadhi, kwenye kitabu ni hivyo. Kwetu baba alipofariki mama hakupata robo yake wala sisi watoto wa kike hatukupata kitu. Mikarafuu ilihesabiwa kwa wanaume, sisi tukaambiwa "mtakula humohumo".

Ustadhi_Kengeja
Kwanza kwa elimu tu: mke akiwa na watoto fungu lake ni thumni, 1/8. Robo ni pale marehemu asipoacha mtoto. Na nyinyi mabinti mna nusu ya fungu la kaka zenu, kila mmoja. Pili, mlilofanyiwa ni dhulma, na muda kupita hakuihalalishi. Nenda kwa kadhi, mwanangu, uende na mashahidi wanaoijua ile mikarafuu. Nasema kwa dhati.

Karafuu_Mbichi
Mashahidi wenyewe ndio waliokula. Lakini nimekusikia.

Nuru_Ngambo
Naingia kwa shingo upande, maana nyote mnasifu.

Bibi yangu mtaa mzima ulimjua. Alikuwa kungwi, alitia wasichana wa watu ndani akawafunda, aliweka upatu wa wanawake hamsini na haikupotea hata shilingi. Mwanamume akimpiga mkewe, bibi alikwenda kubisha hodi mwenyewe na bakora yake. Mkimsikia mtasema huyu ndiye. Bibi huyuhuyu alimtoa mama yangu skuli darasa la saba, kamwoza kwa mtu wa miaka arubaini. Mama alikuwa wa pili darasani kwao. Mpaka leo daftari lake la hesabu analo, limefunikwa gazeti, analiweka pamoja na hati za nyumba.

Nampenda bibi na sijamsamehe, vyote viwili. Kwa hiyo mnaposema bibi zetu walikuwa majasiri, nauliza: kwa nani? Kuna waliowatetea wanawake wote wa mtaa, na binti yao wa kumzaa wakamsahau.

Bint_Micheweni
Nuru, hili sikulitarajia na nakushukuru. Mama yako amewahi kumwambia bibi?

Nuru_Ngambo
Hajawahi. Alichofanya ni kutusomesha sisi sote watano, wasichana watatu kwanza. Huyo ndiye shujaa wangu, kama lazima nitaje.

Msomi_Vikokotoni
Mimi naona mnaangalia pembe ndogo ya nyumba. Mwamko ulikuwa mkubwa zaidi. Siti binti Saad katoka Fumba anauza vyungu, kaja mjini, kaimba mbele ya wakubwa, kenda Bombay 1920 kurekodi sahani za santuri. Alizaliwa familia masikini iliyotoka utumwani. Wanawake waliomsikia walijua kwamba sauti ya mwanamke yaweza kutoka nje ya ukuta. Na kura walipiga tangu 1957.

Mzee_wa_Santuri
Kijana, mapenzi yako mazuri ila miaka umeiparaganya. Siti alihamia mjini 1911, na safari ya Bombay ilikuwa 1928. Na uchaguzi wa 1957 ulikuwa wa wanaume peke yao, tena wenye masharti. Wanawake wamepiga kura kwa mara ya kwanza Januari 1961, na uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka uleule kwa kuwa ule wa mwanzo haukutoa mshindi wa kuunda serikali.

Hiyo ya Januari naijua kwa mama yangu. Alitoka na buibui lake jipya, kanishika mkono, tukasimama foleni Wete tangu alfajiri. Alikuwa anasoma Msahafu vizuri sana, lakini kuandika hakufunzwa. Wakati wao watoto wa kike wengi walifunzwa kusoma bila ya kalamu. Hata Sayyida Salme, binti wa Sultani aliyezaliwa Mtoni 1844, ilimbidi ajifunze kuandika kwa siri, kwa kufuatisha herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Basi mama aliporudi kutoka kwenye kura akachukua kipande cha mkaa, akanambia, mtoto wa miaka saba, "Nioneshe jina langu linaandikwaje." Akaliandika ukutani jikoni. Lilikaa pale mpaka chokaa ya Idi.

Msomi_Vikokotoni
Shikamoo mzee. Nimeyapokea. Lile jina la mkaa lina thamani kuliko post yangu nzima.

Mtu_wa_Kae
Mbona hamumtaji Mama Samia? Kazaliwa Makunduchi 1960, Rais tangu Machi 19, 2021. Shujaa gani zaidi?

Bint_Micheweni
Kaka, nimesema shujaa wa nyumbani, wa ukoo wako.

Mtu_wa_Kae
Makunduchi sote ni ukoo mmoja 😄

Shangazi_wa_Paje
Hawa wa Makunduchi hawa! Msiwape nafasi, watatuhamishia na sherehe yao ya Mwaka Kogwa humu.

Baba_Watatu_Wete
Naomba kuuliza. Shujaa lazima awe mwanamke? Baba yangu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Dada yangu alipofaulu kwenda skuli ya mbali, ndugu wa baba wakaja kikao, wakasema msichana atalala nje kwa nani. Baba hakubishana nao. Akawapikisha chai, akawasikiliza mpaka wakamaliza. Kesho yake asubuhi ng'ombe hayupo zizini. Ameuzwa, na godoro na sanduku la bati la dada vimeshanunuliwa, viko barazani kila mpita njia aone. Dada sasa ni mkunga. Mimi wanangu watatu ni wa kike na kila nikikwama namkumbuka yule ng'ombe.

Nuru_Ngambo
Baba yako anaingia, tena mbele. Kwani ufeministi ni damu? Ni unachokitenda.

Ustadhi_Kengeja
Baraza hizi zimefanya kazi nyingi Pemba.

Pwani_Mchangani
Nimekuwa msomaji tu humu miaka miwili, leo naandika kwa mara ya kwanza. Sitotaja kijiji.

Mnaikumbuka sheria ya Zanzibar ya 1985? Msichana ambaye hajaolewa akionekana na mimba aliweza kufungwa mpaka miaka 2. Ilifutwa 2005. Mama yangu alipata mimba yangu 1998, ana miaka 19. Aliyempa ile mimba alisafiri, hakuonekana tena.

Bibi alikuwa mtu wa sala tano, mkali, hata redio haikupigwa nyumbani kwake. Wote walingoja amfukuze. Siku ile mama alipomwambia, bibi alikuwa anasuka ukili. Mama anasema aliusuka mpaka kindu kikamwishia mkononi, ndipo akasema, "Funga nguo zako na zangu." Usiku wakatoka kwa gari ya ng'ombe, wakenda kwa jamaa zake bibi upande mwengine wa kisiwa. Wakakaa miezi saba. Bibi alirudi na mimi mgongoni, mama yuko nyuma kabeba mkeka. Walipomuuliza mtoto wa nani, alijibu, "Wangu." Hakuongeza neno mpaka anaingia kaburini, Allah amrehemu.

Sasa nimezisoma sababu zenu zote. Haikuwa pesa, bibi hakuwa nazo. Haikuwa dago, babu alikuwa mkulima na alikuwepo. Ya Ustadhi naiona kidogo, lakini waliotaka kumtoa mama nje nao walikuwa watu wa msikiti. Nimekaa na suali hili miaka na sina jibu.

Ustadhi_Kengeja
Mwanangu, nimesoma nikanyamaza. Rehema nayo ni dini, na bibi yako aliijua kuliko waliokuwa safu ya mbele. Allah amlaze pema.

Mlinda_Jahazi
Amin. Karibu, Pwani. Umetuzidi sote.

Msomi_Vikokotoni
Labda jibu liko kwa jamaa zake. Angalieni: bibi alikuwa na pa kwenda. Wengi wa kizazi kile waliolewa karibu na kwao, mama zao na mashangazi wako hatua mia. Mwanamke mwenye watu nyuma yake hatishiki. Sisi tunapanga chumba mjini, ukigombana na mume huna hata baraza ya kuwekea pakacha.

Nuru_Ngambo
Jamaa haohao ndio waliomwoza mama yangu. Watu nyuma yako wanaweza kukushika na wanaweza kukusukuma.

Karafuu_Mbichi
Mimi nabaki na pesa. Hata hao jamaa, ukiwa na chako wanakusikiliza.

Mzee_wa_Santuri
Kuna moja hamjaligusa. Zamani talaka haikumvunja mwanamke uso. Mama yangu mkubwa aliolewa mara nne, kila akitoka anakaa edda yake, anajifukiza udi, anaposwa tena. Hakuna aliyemwita kitu kibaya. Mtu asiyeogopa kuachwa anasema anachotaka.

Bint_Micheweni
Mzee, hilo la talaka nitakwenda kumuuliza bibi mwenyewe. Ijumaa napanda boti.

Na kama yupo atakayesema tusiwabandike bibi zetu neno la kisasa, nitamfahamu. Lakini mimi nalihitaji neno hili. Bila yake hadithi ya bibi yangu, ya mama yake Nuru na ya bibi yake Pwani ni mambo matatu ya ndani ya nyumba tatu. Nikilitamka yanakuwa jambo moja, na yule mzee wa kikaoni hawezi tena kunambia limetoka Ulaya.

Shangazi_wa_Paje
Mpe salamu. Muulize na bei ya kamba za usumba sasa, huku Unguja hazipatikani nzuri.

Bint_Micheweni (siku sita baadaye)
Nimerudi. Salamu zimefika, kamba anazo pisi nane, hauzi kwa asiyemjua lakini shangazi atamuuzia.

Nilimuuliza ile siku ya nazi. Nikamwambia nilivyomweleza humu, kwamba hakuinuka, kwamba alimaliza nazi yake. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akanambia, "Nitainuka vipi? Miguu ilikuwa imenikatika. Nilikuna ile nazi kwa kuwa sikuwa na jengine la kufanya. Nilikuna mpaka kifuu, chicha ikaingia weusi, mchuzi wa siku ile hatukuula."

Nikanyamaza. Miaka yote nimeijenga nafsi yangu juu ya utulivu wake, kumbe ilikuwa hofu.

Halafu akanambia mambo ambayo mama hakuyasema, labda hakuyajua. Talaka aliidai yeye, kwa karatasi, kwa sababu aliona mke wa pili wa jirani akinyimwa matumizi ya edda kwa kukosa shahidi wa talaka. Babu akamwandikia. Baada ya miaka miwili babu akampa talaka na yule mke mwengine pia, naye ana mtoto mgongoni, wavyele wake wameshakufa. Akaja kwa bibi. Bibi akamjengea chumba cha uani. Wakapiga makumbi pamoja miaka ishirini, mmoja anafukua mmoja anapiga.

Nikamuuliza kwa nini. Akanambia, "Alikuwa anajua kusokota."

Mlinda_Jahazi
Basi ni kazi ya pwani, nimesema tangu mwanzo.

Msomi_Vikokotoni
Wewe umesema dago!

Mzee_wa_Santuri
Na karatasi ya talaka je? Mimi pia sijakosea.

Pwani_Mchangani
Mimi hiyo ya miguu kukatika ndiyo iliyonikaa. Mama aliniambia bibi alikuwa anatetemeka usiku ule kwenye gari ya ng'ombe. Nilikuwa nadhani ni baridi.

Nuru_Ngambo
Bint, yule bibi harusi yu hai?

Bint_Micheweni
Yu hai. Ndiye aliyenipikia samaki changu wa nazi siku niliyofika, na bibi akamwambia aitazame chicha.